Sanamu ya Mtoto wa Mshona Viatu

Njooni karibu na kitanda, wanangu. Odis, zima hiyo feni, inayala maneno yangu kabla hayajawafikia. Vernell, kaa hapo kwenye kiti cha mama yako, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Daktari amesema nipumzike, nami nimemjibu kwa adabu zote kwamba nitapumzika sana, tena si muda mrefu kutoka sasa, ila leo ni Jumapili, watu wa kanisani wamekwisha kuleta kuku wao na mkate wao wa mahindi, wameniombea mpaka wakachoka, na sasa zamu ni yangu. Sikilizeni. Sina pumzi ya kusema jambo mara mbili, na hili nimeona haya kulisema hata mara moja.

Nianze na vitu, maana vitu havina aibu. Nyumba hii abaki nayo Odis, ndiye aliyeacha kazi yake Chicago akanifuata huku Mississippi kuninawisha na kunigeuza, na asiyeijua kazi hiyo asimwonee wivu. Gita la umeme, lile jekundu, ni la Vernell. Najua hulipigi. Litundike, lifunike, likemee ukitaka, lakini ni lako. Lile jingine la mbao, ambalo liko katika picha zangu zote, wapeni vijana wa makumbusho, wamelitamani siku nyingi, na wala halikuwa langu, nilitiliwa tu mkononi. Sanduku la babu yenu, lenye msharasi wa kutobolea ngozi na nyundo na zile kalibu za mbao za miguu ya watu waliokwisha kuoza, lisitoke katika ukoo huu. Basi. Vimekwisha vitu.

Sasa sanamu.

Mlikuwapo wote Alhamisi alipokuja Bi Maribeth Tarpley wa kamati ya mji, na picha ya mfano wa udongo aliouumba mchongaji, ambao wakipata ruhusa ya familia wataumwagia shaba na kuusimamisha uwanja wa mahakama. Mmeiona. Nimeketi juu ya gunia la pamba, nimevaa ovaroli, gita kifuani, na miguu yangu imetangulia mbele mikubwa kama makasia, mitupu, vidole vimetanuka. Fundi amejitahidi, hata kucha kaziweka. Bi Tarpley akaniinamia, akasema kwa sauti ile wanayomsemesha kiziwi, "Mjomba Alonzo, unaionaje?" Mjomba! Katika mji huu nimetoka kuitwa boi nikaingia kuitwa mjomba, bila kupita katikati hata siku moja kwenye Bwana Threadgill. Nami nikasemaje? Mlinisikia. "Nzuri sana, bibi. Asante sana, bibi." Mzee wa miaka themanini na ushei, kaburi linamchungulia, na bado ulimi wake unakimbilia asante kama mbuzi anavyokimbilia zizi. Vernell akatoka nje. Nilikuona, mwanangu. Toka siku ile sijalala, na si kwa maumivu haya.

Babu yenu Asberry Threadgill alikuwa mshona viatu, na hapa Coley's Landing mtu mweusi kuwa mshona viatu enzi zile halikuwa jambo dogo, maana wenzake wote walikuwa kwenye pamba, na kwenye pamba kiatu kilikuwa cha Jumapili, kama kipo. Vya weupe alivipokea mlango wa mbele, vyetu mlango wa nyuma, kwa kuwa mzungu hakukubali kiatu chake kilale rafu moja na cha mweusi. Si watu, wanangu. Viatu. Naye alitulea kwa maneno mawili. La kwanza: mtu akitazama chini akaviona vidole vyako, hatainua tena macho akuone uso. Ndiyo maana mimi na shangazi yenu tulivaa viatu hata kwenda kuteka maji, watoto wa jirani wakituzomea, "Hao wanaenda harusi ya vyura!" La pili: usiingie mbele za watu na kiatu kichafu, bora ukiache nje. Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Nilipoanza kupiga bluzi, muziki wetu sisi weusi, wasikilizaji wangu walikuwa wachuma pamba wa Jumamosi kwenye kilabu cha Bi Pinkie, huko nyuma ya kinu cha pamba. Pale hakuna anayekusikiliza kwa masikio, wanakusikiliza kwa miguu. Ukipiga vizuri, mbao za sakafu zinalia. Ukipiga vibaya wanakaa, na wakikaa umekwisha, chukua kofia yako uende. Sifa ilikuwa ni mwanamke wa watu, jasho linamtiririka, anakuja kukutukana: "Lonzo, mshenzi wee, umenimaliza visigino!" Hiyo ndiyo medali. Na mpigaji alivaa, wanangu! Suti, kofia imeinamia jicho moja, viatu vya rangi mbili vinang'aa kama sahani, maana nani atoke nyumbani akamtazame mtu aliyevaa kama alivyovaa yeye tangu Jumatatu? Walitaka kumwona mmoja wao aliyeponyoka. Shemasi wa kanisa alituita ngoma ya shetani, wakati mkewe alikuwa anatusikiliza kupitia dirishani. Leo kanisa hilohilo limetundika picha yangu ukumbini, tangu wageni weupe waanze kuulizia.

Nikatoa santuri moja, nyimbo mbili, upande na upande. Ikachezwa kwenye vibanda vya vinyozi weusi kuanzia hapa mpaka Memphis, kisha ikasahaulika kama ugali wa jana, na sikulia. Nikapanda treni kwenda Chicago na mama yenu Mozelle. Mchana nayeyusha chuma kiwandani, mwisho wa juma nakamata lile gita jekundu, maana huko mjini ukipiga la mbao huwezi kushinda kelele za treni na za walevi. Hayo ndiyo maisha yangu, wala hayakuwa mabaya. Halafu vijana wetu wakapata miziki yao mipya, wakasema bluzi ni za wazee wanaonuka nyumbu wa kulimia. Nao wana haki. Ngoma ivumayo haidumu. Nikarudi kuwa mtu wa kiwandani, mwenye friji, na kadi ya chama cha wafanyakazi.

Ndipo akaja Thornton Keay. Kijana mweupe wa chuo, shingo ndefu, ameikumbatia santuri yangu kama mtoto mchanga. Alinikuta nimelala baada ya zamu. Akanitazama kama aliyemwona Lazaro, machozi yakamtoka. Mama yenu akaniita jikoni, akanong'ona, "Mtoto wa watu analia nini? Umemfanya nini?"

"Nimeishi tu," nikamwambia.

Kwao vitabu vilikuwa vimekwisha kuandika kwamba nimekufa. Alifurahi kunikuta mzima, sikatai, ila nadhani alihuzunika kidogo kuikuta friji.

Akanipeleka kwenye tamasha la nyimbo za asili, huko kaskazini mashariki, uwanja wa majani na umati wa vijana weupe walioketi chini. Nimekwenda na suti ya buluu, na viatu vipya vya kahawia na nyeupe, na gita langu jekundu. "Bwana Alonzo," akaniambia, naye aliniita Bwana, nampa haki yake, "hili gita tuliache garini. Watu hawa wanataka kile cha kweli."

"Hiki ndicho cha kweli. Nimekinunua mwenyewe."

Akacheka, akidhani natania. Wakanipa gita la mbao, vidole vyangu vilikuwa vimelisahau.

Mvua ikanyesha. Uwanja ukawa tope tupu, na viatu vyangu, viatu vile wanangu, vikawa kama nimetoka kulima. Nikavivua, nikaketi kwenye ngazi nyuma ya jukwaa nikivipangusa kwa leso, mara jina langu likaitwa. Sasa neno la baba yangu limo masikioni: usiingie mbele za watu na kiatu kichafu. Nikaviacha pale, soksi ndani yake, nikapanda miguu mitupu. Nilifanya vile kwa kuvipenda viatu! Mtoto wa mwingine yeyote angepanda na matope yake na mambo yakaisha.

Walisimama uwanja mzima. Wengine walikuwa wanalia kabla sijagusa uzi. Nami nikadhani wamenijua kwa vidole vyangu vya mikono, kumbe walikuwa wanatazama vya miguuni. Magazeti yakaandika: Lonzo Pekupeku, ametoka moja kwa moja katika mashamba ya pamba. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja katika zamu ya asubuhi.

Hapo bado hapana aibu, ni mvua tu. Aibu ni tamasha la pili. Kulikuwa na jua kali, na ardhi kavu. Keay akanijia nyuma ya pazia, akaanza, "Bwana Alonzo, kama hutajali..." akashindwa kumaliza, akavitazama viatu vyangu. Angenilazimisha ningekuwa na kisa cha kuwasimulia leo, mkanionea huruma. Hakunilazimisha. Mara ya kwanza nilivuliwa na matope, mara ya pili nilijivua mwenyewe, nikafungua kamba polepole, moja, kisha nyingine, maana nilikuwa nimeonja makofi ya wale watu na nimeyataka tena. Baada ya hapo wakaniletea ovaroli, nikavaa. Wakaniletea gunia la pamba, nikalikalia. Kila mwaka nikawa maskini zaidi, mpaka jukwaani nikawa maskini kuliko nilivyopata kuwa maishani mwangu. Wakiniuliza nani alinifundisha, nikisema baba yangu alikuwa fundi mwenye duka, naona macho yanalegea. Nikisema nilijifunza nikimfuata nyumbu, kalamu zinakimbia. Basi nyumbu akanenepa, na babu yenu akakonda mpaka akatoweka.

Tukavushwa bahari, mimi na Hosea Bright mpiga piano, Mungu amrehemu. Copenhagen, ukumbi kama kanisa, watu wamekaa wima, mikono mapajani, hakuna anayetikisa hata kisigino. Hosea akaninong'oneza, "Lonzo, hawa wamekufa au wanatuchukia?"

"Piga tu."

"Kwa Bi Pinkie mtu akikaa hivi namrudishia kiingilio chake."

Tulipomaliza wakapiga makofi mpaka nikaogopa. Nao walisikiliza, nisiwadhulumu, walisikiliza kila uzi kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa, na kwetu hakuna aliyewahi kunisikiliza vile. Ndiyo sumu yake hiyo. Kisha bibi mmoja mzee akaja na soksi za sufu alizozifuma mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili, ananihurumia miguu. Hotelini nina viatu pea nne. Nikapokea. Nikasema asante sana, bibi.

Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa, na mimi wa kwetu hawakunitunza, walinicheka, na walikuwa na haki. Niliporudi Chicago nikaingia baa yetu ya siku zote, na santuri mpya imebandikwa ukutani, mimi na miguu yangu. Earlean, aliyekuwa akicheza nyimbo zangu mpaka jasho lichuruzike, akapaza sauti: "Lonzo! Viatu wamekuibia, au umewapa mwenyewe?" Baa nzima ikaangua. Nikacheka nao. Nikawanunulia watu bia. Sikukanyaga tena pale. Watu walionijua nina uso niliwakimbia, nikawafuata walionijua nina nyayo.

Vernell, mwanangu, nitazame. Chuoni kwenu nilipokuja kupiga, uliketi karibu na jukwaa na wenzako, nywele mmeziachia zimesimama, ngumi za uhuru mifukoni, na hukuwa umeniona jukwaani tangu utoto, ulitarajia suti ya buluu. Nikatoka na gunia langu. Kijana aliyekaa kando yako akakuuliza, "Huyu mzee jina lake kama lako. Ni wenu?" Ukasema, "Akina Threadgill wako wengi." Nilisikia. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo, ungesema ni baba yangu ningeanguka kutoka juu ya lile gunia. Baadaye ukanifuata nyuma, ukaviona viatu vyangu vimepangwa chini ya kiti, nimevipiga rangi asubuhi mpaka vinaonyesha uso. Hukupiga kelele. Uliuliza tu, "Baba, unaving'arishia nani?"

Mtoto uliyemsomesha anakuuliza swali dogo, nawe unageuza uso ukatafuta soksi. Tangu siku hiyo umenipenda kwa mbali, kama watu wanavyomsalimu jirani kupitia ua. Gita jekundu nimekupa kwa sababu hiyo, ndilo pekee lisilopata kuniona miguu mitupu.

Nipe maji kidogo. Basi. Basi, yanatosha.

Odis, sasa wewe. Juzi uliniambia maneno, nami nataka dada yako ayasikie kama ulivyoyasema, maana si ya kipumbavu, na wewe si mpumbavu. Ulisema, "Baba, nimekaa katika kamati ile nikibishana nao mpaka sauti ikakauka, ndipo wakakubali mtu mweusi asimame uwanja wa mahakama. Wageni wanatoka Japani na Uholanzi wanamtafuta Pekupeku. Kamati inasema ukimvisha viatu hakuna atakayemjua, na ukikataa hakutakuwa na sanamu yoyote, na yule askari atabaki pale peke yake." Hayo ndiyo uliyosema, nayo yaliniuma yalivyo kweli.

Yule askari. Mmepita mbele yake toka mkiwa wadogo kila tulipokuja likizo, wa jiwe, wa jeshi lililopigana ili babu wa babu yenu aendelee kuuzwa, na wamemvisha buti mpaka magotini, mishono yote imechongwa. Baba yangu akipita pale alikuwa akisema chinichini, "Mishono mibovu, lakini mwenzetu kavaa." Sasa tazameni, wanangu, fumbeni macho mtazame. Upande huu yeye juu ya nguzo, na buti zake. Upande wa pili mimi, nimekaa chini kwenye gunia, ovaroli, nyayo nje. Watoto wa shule watapitishwa pale. Hakuna atakayewasomea kibao. Wataona bwana amesimama, na mtu wake ameketi miguuni pake anangoja kuitwa. Nilijidhalilisha jukwaani, na jukwaa hufungwa, watu wakaenda kulala. Shaba hailali. Mtanifanya nivue viatu kila asubuhi mpaka kiyama, na wajukuu wenu wapite pale waseme akina Threadgill wako wengi.

Unasema atabaki peke yake, Odis. Mwacheni abaki. Mwacheni askari wao asimame na upweke wake mpaka umchoshe. Lakini msimpe mtumishi.

Mkiniacha nife nanyi mkabaki kubishana, mtachukiana, na watasema mzee mwenyewe alikubali, tulimsikia kwa masikio yetu akisema asante. Na ni kweli. Kwa hiyo msinisemee. Vuta ile simu, Odis. Ivute, waya unafika. Namba yake unaijua, bonyeza. Alisema anataka jibu kabla ya kesho. Niinue kidogo, Vernell, shika hapa mgongoni. Hapo.

Haloo. Bi Tarpley? Alonzo hapa... Sijambo, bibi, nakufa tu taratibu... Hapana, chakula tunacho. Ni ile sanamu... Ndiyo, uliniuliza, na nilisema nzuri. Nilidanganya, bibi... Viatu. Nataka viatu... Najua wanavyonijua... Najua wameanza... Basi kama hakuna viatu hakuna mimi, na wanangu hawatatia sahihi... Hapana... Hapana, bibi, sijachanganyikiwa. Hapana... Na jina langu ni Threadgill. Bwana Threadgill. Kwaheri.

Chukueni simu. Kumbe hapana ni neno fupi vile. Miaka yote nililiona kama mlima, na halijazi hata kinywa.

Nilazeni. Sasa sikilizeni, yamebaki machache. Nizikeni nimevaa kama mtu anayekwenda kwa Bi Pinkie Jumamosi, mnaelewa, sitaki kuelezea. Kaburi kando ya Asberry Threadgill, na jiwe langu liseme mtoto wa Asberry, mshona viatu, maana nilimfuta yeye kwanza kabla hawajanifuta mimi. Keay akija, atakuja, mpeni kiti mbele. Alinipenda. Alinipenda vibaya, lakini mezani mwenu asikose sahani. Na wale wa mbali wanaozipenda nyimbo zangu, msiwatukane. Wimbo haukuwa wa uongo. Niliyekuwa wa uongo ni mimi... toka kiunoni kwenda chini. Cheka, Vernell. Nimekuruhusu. Ndiyo. Hivyo.

Shikaneni mikono. Huku, juu yangu. Mungu awape... awape uso wa kutazamwa. Awape watu wanaowajua. Mkisifiwa, awape akili ya kuuliza wanasifu nini. Odis, umenihudumia bila kununa, uhudumiwe nawe. Vernell... mwanangu...

Simu hiyo inaita. Ni yeye, atakuwa amempata mtu wa kunibembeleza. Odis, usinyanyuke. Rudisha mkono wako hapa. Nimekwisha jibu.

Acheni iite.